Kamera Mpya, Faili Hazifunguki: Tunangoja Nani?

Kila wiki lazima nipate ujumbe wa aina moja: "Buda, unaediti na nini?" Nikijibu, mtu anarudi tena: "Na hiyo itafungua kamera yangu?" Hapo sasa ndipo shida iko. Swali la kwanza ni la ladha tu. La pili ni la pesa, na huku kwetu Nyeri pesa haichezewi. Kwa hivyo leo naandika ndefu. Kama ulitaka jibu la mstari mmoja, samahani, jaza kikombe cha chai ukae.

Kwanza, kwa wale hawajawahi kupiga RAW. Ukipiga JPEG, kamera inakupikia. Inachagua rangi, inaongeza ukali, inapunguza chenga, halafu inatupa kila kitu ambacho haikutumia. RAW ni kile ambacho kihisi cha kamera kiliona kabla mtu yeyote hajakigusa. Juu ya kihisi kuna vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na buluu, na kijani ndiyo nusu nzima. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ni ya 1976, na kamera nyingi bado zinautumia hadi leo. Maana yake ni kwamba kila nukta ya picha yako inajua rangi moja tu. Hizo zingine mbili, programu ndiyo inakaa chini kuzikisia. Halafu kuna hesabu ya mwanga: JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana ukipiga Mlima Kenya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, mashamba ya chini yakiwa meusi tititi, RAW inakubali uyarudishe. JPEG inakupa lami.

Watu wa Othaya na Tetu watanielewa haraka. RAW ni kahawa mbivu kwenye debe. JPEG ni kahawa ya kopo, unaweka maji moto na maisha yanaendelea. Ile mbivu ndiyo yenye thamani, lakini huwezi kuinywa hivyo. Lazima upeleke kiwandani, itolewe maganda, ichachishwe, ikaushwe. Sasa fikiria uamke siku moja upate miti yako imezaa kahawa ya umbo jipya, na mashine ya kiwanda chenu inasema haiijui. Debe limejaa, mgongo unauma, na unaambiwa ngoja. Ungoje nani? Hapo hakuna anayekujibu.

Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyenunua kamera iliyotoka juzi.

Kila kampuni ina fomati yake: Canon ina CR2 na CR3, Nikon ina NEF, Sony ina ARW, Fujifilm ina RAF. Na usidanganywe na hizo herufi tatu za mwisho. Hata kama jina la faili ni lile lile la kamera ya zamani, modeli mpya inaweza kubana data kwa njia yake. Tena programu lazima ijue nyeusi ya kamera hiyo inaanzia namba gani, nyeupe inaishia wapi, na rangi zake zinatafsiriwaje. Haya mambo kampuni nyingi hazichapishi. Watu wanakaa na faili wanazifungua baiti kwa baiti kama fundi wa redio asiye na mchoro.

Mfano ambao kila mtu anayepiga Canon anafaa kuujua: EOS M50 ilitoka 2018, ndiyo kamera ya kwanza yao ya kutumia CR3. Nusu ya vijana walioanza YouTube wakati huo walikuwa nayo au walikuwa wanaitamani. Darktable, programu ya bure ninayoipenda sana, ilianza kufungua CR3 kwa toleo la 3.8, Desemba 2021. Hesabu mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa siku ulinunua kamera ameshaanza kukujibu vibaya. Na si uvivu. Watu kama Laurent Clévy walikaa na hizo faili wakaandika wazi jinsi zilivyopangwa, na hata baada ya hapo kulikuwa na wasiwasi wa hataza kuhusu aina ya boksi ambalo data imefungwa ndani yake. Waandishi wa programu wengi wanafanya hii kazi jioni, bila mshahara. Siwezi kuwalaumu.

Ninaowalaumu ni wenye kamera. Mwaka 2004 Adobe walitoa fomati ya wazi, DNG, yenye maelezo ambayo mtu yeyote anaweza kusoma. Leica wanaitumia ndani ya kamera. Pentax wanakupa uchague. Simu za Android zinaweza kutoa DNG tangu 2014. Canon, Nikon na Sony, ambao ndio wako mikononi mwa karibu kila mpiga picha wa harusi niliyewahi kukutana naye kati ya Karatina na Nanyuki, bado kila mmoja anashikilia yake kwa kamera zao za kawaida. Sababu za kiufundi zipo, sikatai. Lakini mimi nikilipa zaidi ya laki moja kwa mashine, sioni kwa nini kusoma picha zangu mwenyewe kuwe ni siri ya mtu mwingine.

Sasa tuongee kuhusu njia zilizopo, na nitaongea kama mtu wa Nyeri, si kama wale wa YouTube wenye meza ya mbao na taa tatu.

Njia ya kulipa kila mwezi. Lightroom inafungua kamera mpya haraka, mara nyingi wiki chache tu baada ya kutoka. Ni nzuri, sina chuki nayo. Kwa miaka mingi mpango mdogo wa wapiga picha ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi, kama shilingi 1,300 hivi. Kuanzia Januari 2025 mtu mpya hapati tena huo wa kuhifadhi 20GB, na ule mkubwa wa wapiga picha ulikuwa dola 19.99 mwaka huo. Hiyo ni kama 2,600. Kulipa si shida siku hizi, tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni. Shida ni kwamba dola haijali kama mwezi huu ulipata kazi. Msee wa Nanyuki anayepiga picha kwa kambi za watalii, anayelipwa kwa dola, 2,600 ni chakula cha mchana. Mimi napiga ruracio. Kuna miezi napata nne, na kuna Januari, ambapo hakuna mtu anaoa mtu.

Halafu kuna kumbukumbu ya Lightroom 6. Watu walinunua mara moja tu, 2015, ikawa yao. Mwisho wa 2017 ikaacha kupata matoleo mapya. Ilibaki yako, ndiyo, lakini kila kamera iliyotoka baada ya hapo iliipita kama matatu iliyojaa.

Njia ya wizi. Najua mko wengi, sitaitana majina. Sitakuhubiria pia. Nataka tu ufikirie jambo moja: programu iliyovunjwa kufuli imeganda siku ile ilivunjwa. Ukiipa toleo jipya, kufuli inarudi. Kwa hivyo siku utakayonunua kamera mpya, hiyo programu yako ya bure bure ndiyo ya kwanza kukukana. Na virusi ni ofa ya ziada.

Njia ya mwenye kamera. Hii watu wanaidharau sana na sijui kwa nini. Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge. Zote ni za bure na zote zinajua kamera yao mpya mapema kabisa, kwa sababu wao ndio walioificha. Fujifilm wana kitu cha ajabu, X RAW Studio, ambapo unaunganisha kamera kwa waya na kamera yenyewe ndiyo inafanya hesabu badala ya kompyuta. Kwa mtu mwenye laptopu ya mtumba kama yangu hiyo ni akili. Ubaya wa hizi programu ni kwamba nyingi ni nzito, zina sura ya fomu za serikali, na kila moja inakataa faili za jirani.

Njia ya wazi: darktable na RawTherapee. Bure kabisa, hakuna akaunti, hakuna intaneti inayohitajika ukishaiweka. Darktable itakutoa jasho wiki ya kwanza. Kuna vifungo vingi hadi unahisi umeingia chumba cha rubani. Lakini ukishaielewa, picha ni yako kabisa, na hata ukikosa pesa mwaka mzima hakuna anayekufungia mlango. Toleo jipya linatoka karibu mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Kwa hivyo kamera ikitoka Julai, usitarajie muujiza Agosti.

Na hapa kuna kitu kilichonichekesha nilipokijua. Zile namba za kutafsiri rangi za kamera mpya, hata hizi programu za bure mara nyingi huzichukua kutoka kwa kibadilishi cha DNG cha Adobe. Yaani kila mtu yuko foleni moja, tofauti ni nani amesimama mbele.

Mimi sasa. Niliacha chuo mwaka wa pili, nilishaeleza kwa posti nyingine, sirudii. Tangu hapo kamera ndiyo inanilisha. Nilikuwa na kamera ya zamani iliyonunuliwa kwa mtu, na mwaka jana nikapata nafasi ya kununua mpya, modeli iliyokuwa na miezi miwili tu sokoni. Sitaitaja, si tangazo hili. Nilisoma orodha kabla ya kulipa. Nilijua programu niliyokuwa nayo haitaifungua. Niliichukua kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inazima yenyewe katikati ya kazi, na bei niliyopewa haingerudi. Mathe akaniuliza swali ambalo bado linanisumbua: "Kwa hivyo umelipa pesa yote hiyo ndio ungoje mtu wa Ulaya aamke akuruhusu uangalie picha?" Sikuwa na jibu, kwa sababu, kusema ukweli, ndivyo ilivyo.

Nilipanga hivi: napiga RAW pamoja na JPEG, zote mbili, kadi mbili. JPEG mteja anapata mapema. RAW naweka kwa diski kama mahindi ya mbegu.

Aprili nikapiga ruracio huko Mukurwe-ini. Mnajua hema zetu. Mistari ya njano na kijani, jua likipenya kila mtu anageuka rangi ya embe. Upande mmoja njano, upande mwingine kijani, na mvua ya Aprili ikaja ikafanya mwanga uwe mzito. Cucu wa bibi harusi alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa hema, leso begani, mweusi, ngozi ile ya watu walioishi na jua miaka themanini. Nilimpiga mara tatu hivi akimsikiliza mtu aliyekuwa anahesabu mbuzi. Kwa JPEG alionekana mgonjwa. Uso kijani, macho yamezama kwenye giza. Nilitoa picha za familia, hiyo sikuitoa.

Julai, ile baridi yetu ya ukungu, nikapigiwa simu na mjukuu. Cucu alikuwa amelala. Walikuwa wanatafuta picha ya kuweka mbele ya programu ya mazishi, na kwa simu zote za familia hakukuwa na moja ambayo amekaa peke yake, uso wazi. "Wewe ulimpiga siku ile?"

Nilimpiga. Programu niliyozoea bado haikuwa imeanza kufungua hiyo kamera. Nikatumia ile ya bure ya mtengenezaji, laptopu ikichemka kama jiko, kila nikisogeza kitu nasubiri. Nikatoa kijani kwa upande wa uso uliokuwa karibu na turubai, nikaacha joto kidogo, nikainua giza la macho polepole. Alikuwa pale. Mikunjo, ile rangi ya kahawia iliyoiva, mng'ao kwenye paji la uso. Haikuwa picha ya mgonjwa. Ilikuwa ni picha ya mtu anayesikiliza hesabu ya mbuzi kwa makini kuliko mwenye kuhesabu. Niliituma saa saba usiku, asubuhi ikaenda kwa mchapishaji mjini. Sikulipisha.

Kwa hivyo mtu akiniambia RAW ni mambo ya kujionyesha, namwacha tu.

Ngoja niongeze kitu kuhusu ngozi, kwa sababu hapo ndipo kungoja kunauma zaidi. Miaka ile ya filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi tulitoka vile tulitoka, angalia albamu za guka wako. Siku hizi wapiga picha wengi wanatumia ile kadi ya viraka 24 vya rangi, ambayo nayo ilitoka 1976, na kiraka cha kwanza kabisa ni cha ngozi nyeusi. Vizuri. Lakini ni kiraka kimoja, na ukiingia hema lolote la Nyeri utahesabu rangi kumi za watu weusi kabla ya kufika kwa pilau. Kamera ikiwa mpya na programu inaikisia kwa namba za kamera nyingine, ngozi yetu ndiyo ya kwanza kuharibika. Nyasi ikiwa kijani kidogo zaidi hakuna atakayejua. Mathe wa bibi harusi akiwa wa zambarau, utapigiwa simu.

Ndiyo sababu siipendi sana ile mbinu inayozunguka, ya kubadilisha jina la kamera ndani ya faili kwa exiftool ili programu idhani ni modeli ya zamani. Inafanya kazi, tena vizuri, kama kihisi ni kile kile. Kama sicho, unapata picha inayofunguka na kudanganya. Ukijaribu, jaribu kwa nakala, usiguse faili ya asili.

Njia ninayoipendekeza ukiwa unangoja ni kibadilishi cha DNG cha Adobe. Ni cha bure, hakitaki malipo ya mwezi, kiko kwa Windows na Mac. Kikishaijua kamera yako, kinageuza faili kuwa DNG, na programu yako ya zamani mara nyingi inaifungua. Watu wa Linux, poleni, hamkuwekwa kwa hesabu. Weka faili za asili pia, usizifute eti kwa sababu nafasi ni ndogo. Diski ni bei rahisi kuliko harusi.

Na kama hujanunua bado: chagua programu kwanza, kamera baadaye. Soma orodha ya kamera zinazokubaliwa, tena soma hadi mwisho, kwa sababu wakati mwingine kamera imekubaliwa lakini aina moja ya kubana haijakubaliwa. Nikon Z8 ni mfano: zile RAW zake za kubanwa sana zinatumia teknolojia ya kampuni nyingine, na darktable haijazikubali, ilhali zile za kawaida inazifungua. Ni suala la kuingia kwa menyu na kubadilisha kitu kimoja kabla ya kazi. Kwa mtu anayeanza Karatina au Kerugoya na elfu sitini, kamera ya miaka minne iliyopita iliyo kwa kila orodha itakulisha. Mteja hatakuuliza ilitoka lini.

Kitu cha mwisho, na hiki karibu hakuna anayekiongelea. Hizi programu za wazi haziwezi kuijua kamera ambayo hakuna mtu ameleta faili zake. Kuna tovuti inaitwa raw.pixls.us inayokusanya sampuli, moja kwa kila hali ya kamera: biti 12, biti 14, iliyobanwa, isiyobanwa. Wanataka picha ya nje, mwanga mzuri, na uachilie haki zote ili mtu yeyote aitumie. Kwa hivyo sura ya mteja haiwezi kuingia hapo. Nilienda Karatina siku ya soko, nikaweka kamera juu ya gunia, nikapiga viazi. Hali zote, moja moja, huku mama mwenye viazi akiniuliza kama nimetumwa na kaunti. Nikamwambia ni za kompyuta. Akasema basi ninunue kilo mbili, kompyuta imeshaona bidhaa.

Nilizipakia usiku, data ikaisha kwa faili ya mwisho, nikanunua nyingine. Bado nangoja Desemba. Viazi ni vya mama wa Karatina, vimekaa huko na kamera za dunia nzima, na yeyote anaweza kuvipakua.